Simba ya 1974 na Yanga ya 2023: Je, Ukuu wa Timu Hupimika?

Katika kijiji cha Nkowe, wilayani Ruangwa, majira ya kuuza ufuta ni majira ya mabishano pia. Watu hukusanyika kungojea mnada, na mazungumzo, hata yakianzia kwenye bei, huishia kwenye kandanda. Mzee hushikilia kwamba haijapata kutokea nchini timu ya kuifikia Simba ya mwaka 1974, ile iliyocheza nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Barani Afrika. Kijana humjibu, "Babu, nusu fainali si fainali. Yanga ya 2023 ilifika fainali." Mzee naye hurudisha kwamba fainali hiyo ilikuwa ya Kombe la Shirikisho, ambalo ni la pili kwa daraja, tena kwa timu iliyojaa wageni. Mwingine huingiza Simba ya 1993, mwingine Simba ya 2003 iliyoivua Zamalek ya Misri ubingwa wa Afrika. Jua huchwa bila mshindi kupatikana.

Makala haya hayakusudii kumpa ushindi mzee wala kijana. Yanakusudia kuonyesha kwamba ndani ya ubishi wao yamechanganywa maswali mawili. La kwanza: timu hizo zingekutana, ipi ingeshinda? La pili: ni ipi iliyozizidi timu za wakati wake kwa umbali mkubwa zaidi? Swali la kwanza halina jibu, na halitapata jibu. La pili laweza kujibiwa, angalau kwa kiasi, kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa kidato cha tatu anazimudu.

Saa ya Filbert Bayi

Mwaka ule ule wa 1974, tarehe 2 Februari, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 mjini Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.16, akaweka rekodi ya dunia. Tangu mwaka 1998 rekodi ya mbio hizo ni ya Hicham El Guerrouj wa Morocco, dakika 3 na sekunde 26.00.

Hapa tunayo saa, na saa haina ushabiki. Sekunde ya 1974 ndiyo sekunde ya leo. Kwa hiyo kwa wakimbiaji swali letu la kwanza lina jibu: tukizichukua mbio hizo mbili jinsi zilivyokimbiwa, El Guerrouj angekata utepe huku Bayi akiwa bado na mita 43 hivi za kwenda. (Mwanafunzi na ahakikishe: gawanya mita 1500 kwa sekunde 212.16 upate mwendo wa Bayi, kisha zidisha kwa tofauti ya sekunde 6.16.)

Hata hivyo hatujapata kumsikia Mtanzania akidai kwamba Bayi hakuwa mkuu kwa sababu ya mita hizo 43. Sote twakubali, bila kuambiwa, kwamba mkimbiaji hupimwa mbele ya wale waliokimbia wakati wake, kwa viatu, mazoezi na chakula cha wakati huo. Siku ile Bayi aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, na John Walker wa New Zealand, aliyemfuata, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Huo ndio ukuu tunaoukumbuka.

Kandanda haina saa ya namna hiyo. Bao ni zao la pande mbili: ubora wa mfungaji na udhaifu wa mfungwaji, na hesabu ya mwisho haituambii kila upande umechangia kiasi gani. Zaidi ya hayo, mchezo wenyewe umebadilika. Tangu mwaka 1992 mlinda mlango haruhusiwi kuudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake, na badiliko hilo moja lilitosha kugeuza namna ya kulinda bao. Ushindi, ambao zamani ulipewa pointi 2, ulianza kupewa pointi 3 nchini Uingereza mwaka 1981 na katika Kombe la Dunia mwaka 1994, na timu zikaanza kuziogopa sare ambazo hapo awali zilizitafuta. Kuichukua timu ya 1974 na kuipeleka katika uwanja wa 2023 ni kubuni hadithi. Je, tuwape wazee hao mazoezi ya leo, au tuwape vijana viatu vya jana? Kila jibu huzaa mshindi mwingine. Swali hilo na tuliache mnadani.

Kipimo kibovu kupita vyote

Mashabiki wengi huupima ukuu kwa hatua ambayo timu ilifikia katika mashindano ya mtoano. Kipimo hicho kina mvuto, kwa kuwa hatua hukumbukwa kwa urahisi, lakini ni kibovu, na historia ya timu zetu ni ushahidi tosha.

Mwaka 1969 Yanga ilikutana na Asante Kotoko ya Ghana katika robo fainali ya Klabu Bingwa. Walitoka 1-1, wakarudiana, wakatoka tena 1-1. Kotoko iliendelea kwa kura. Mwaka 1974 Simba iliifunga Mehalla ya Misri 1-0 nyumbani, ikafungwa 1-0 ugenini, ikatolewa kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 2023 Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger ya Algeria mjini Dar es Salaam, ikashinda 1-0 mjini Algiers, na ikalikosa Kombe la Shirikisho kwa kanuni ya bao la ugenini.

Mara tatu timu ya Tanzania ililingana kabisa na mpinzani wake kwa mabao, na mara tatu kanuni tatu mbalimbali ziliamua nani aendelee. Barani Ulaya kanuni ya bao la ugenini ilifutwa mwaka 2021. Laiti pambano la Algiers lingechezwa chini ya kanuni za huko, lingeongezewa muda, na pengine mzee wetu angekuwa na kazi kubwa zaidi ya kubisha. Miguu ni ile ile, mabao ni yale yale, ila cheo hubadilika kwa kalamu ya mtunga kanuni.

Wala kulingana si jambo baya kuliko yote. Mwaka 1979 Simba ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia hapa hapa nyumbani. Katika mchezo wa marudiano, nchini Zambia, Simba ilishinda 5-0 na kuendelea. Tofauti kati ya mchezo wa kwanza na wa pili ni mabao 9! Ni timu zile zile, katika mwezi usio mbali na wa kwanza. Anayetaka kuipima Simba ya 1979 achague mchezo upi?

Watu wa Ruangwa wanao mfano wa kwao. Mwezi Februari 2021 Namungo na Primeiro de Agosto ya Angola zilicheza michezo yao yote miwili Dar es Salaam, kwa sababu ya matatizo yaliyotokana na ugonjwa wa Uviko. Namungo ilishinda 6-2, kisha, baada ya siku chache tu, ikafungwa 3-1 na kuingia hatua ya makundi kwa jumla ya 7-5. Safari ndefu haikuwapo, mji ulikuwa mmoja, na bado matokeo yaliyumba kutoka mabao 4 juu hadi mabao 2 chini.

Kuyumba huku ndiko wanatakwimu wanakokuita tofauti za kinasibu. Tuseme timu A ni bora kuliko timu B, na kwamba kila zikutanapo, A ina nafasi 60 katika 100 za kushinda (sare tuziache kando ili kurahisisha hesabu). Zikikutana mara moja, B itashinda mara 40 katika 100. Huo si muujiza. Zikikutana mara 3 na anayeshinda mara 2 akahesabiwa bora, nafasi ya A hupanda hadi 64.8 katika 100 tu. Zikikutana mara 31, nafasi ya A kuwa na ushindi mwingi zaidi hufikia karibu 87 katika 100. Yaani hata baada ya michezo 31, timu dhaifu bado ina nafasi 13 katika 100 za kuonekana bora. Kombe la mtoano huwapa watu michezo miwili, kisha linawaambia waamue.

Ligi, na hila zake

Ligi ni mizani iliyo nzuri zaidi, kwa kuwa ina michezo mingi na kila timu hukutana na kila timu, nyumbani na ugenini. Lakini mizani hii nayo yataka kusomwa kwa uangalifu.

Tutazame timu tatu zilizotwaa ubingwa wa Tanzania Bara bila kupoteza mchezo hata mmoja: Simba ya msimu wa 2009/2010, Azam ya 2013/2014 na Yanga ya 2021/2022. Kwa shabiki, "bila kufungwa" ni "bila kufungwa". Kwa mwanahisabati sivyo, maana Simba ilicheza michezo 22, Azam 26 na Yanga 30. Tuchukue timu ambayo nafasi yake ya kutofungwa katika mchezo wowote ni 0.95. Nafasi ya kumaliza michezo 22 bila kufungwa ni 0.95 kwa kipeo cha 22, yaani 0.32. Kwa michezo 26 ni 0.26, na kwa michezo 30 ni 0.21. Ligi ya 2019/2020 ilikuwa na timu 20 na michezo 38. Hapo nafasi ingeshuka hadi 0.14. Yanga iliendelea bila kufungwa katika ligi hadi michezo 49 mfululizo, ikakatizwa na Ihefu kwa 2-1 tarehe 29 Novemba 2022. Timu yetu ya 0.95 ingefika huko mara 8 tu katika 100. Ni halali basi kukisia kwamba Yanga ile ilikuwa juu ya 0.95.

Sasa pointi. Azam ilishinda michezo 18 na kutoka sare 8: pointi 62. Yanga ilishinda 22 na kutoka sare 8: pointi 74. Kuzilinganisha 62 na 74 moja kwa moja ni kosa, kwa sababu ya idadi ya michezo. Kwa wastani, Azam ilipata pointi 2.38 kwa mchezo na Yanga 2.47. Nasi twapenda kuwashauri wanafunzi warudie hesabu hii kwa mtindo wa zamani wa pointi 2 kwa ushindi, si kwa ajili ya kuutukuza uzee, bali kwa sababu mtindo huo una sifa moja ya kupendeza. Kila mchezo, uishe kwa ushindi au kwa sare, hutoa pointi 2 kamili za kugawanywa kati ya timu mbili. Kwa hiyo wastani wa ligi nzima, mwaka wowote, nchi yoyote, ni pointi 1 kwa mchezo. Kwa mtindo wa pointi 3 wastani hupanda na kushuka kulingana na wingi wa sare. Mtindo wa zamani hutupa sifuri isiyohama, kama usawa wa bahari kwa mpima milima. Kwa mtindo huo Azam ilikuwa na 1.69 na Yanga 1.73. Tofauti ni ndogo mno. Hesabu ya Simba ya 2009/2010 twawaachia wanafunzi, kwa kutumia magazeti ya msimu ule, watashangaa.

Lakini je, 0.73 juu ya wastani ni umbali mkubwa au mdogo? Mwalimu yeyote anajua jibu la swali hili, kwani hulikuta kila muhula. Mwanafunzi wa kwanza amepata alama 70 katika mtihani ambao wastani wa darasa ni 40, na wa pili amepata 80 katika mtihani ambao wastani ni 75. Tukitazama alama tupu, wa pili ni bora. Tukitazama darasa, mambo hugeuka. Ili kupima vizuri yatupasa kujua pia alama za darasa zimetawanyika kiasi gani, na kipimo cha mtawanyiko huo huitwa mkengeuko sanifu. Ukiwa 10 katika mtihani wa kwanza, mwanafunzi wa kwanza amewapita wenzake kwa mikengeuko 3. Ukiwa 5 katika wa pili, mwanafunzi wa pili amewapita kwa mkengeuko 1. Fanya vivyo hivyo kwa msimamo wa ligi: tafuta wastani wa pointi kwa mchezo za kila timu, pata mkengeuko sanifu wa orodha nzima, kisha uone bingwa amesimama mikengeuko mingapi juu ya 1. Hiyo ndiyo namba inayoweza kuvuka kutoka msimu mmoja hadi mwingine bila ya kudanganya sana.

Nasema "sana" kwa kuwa bado pana tundu moja. Mtu aweza kuwa jitu katikati ya mbilikimo. Bingwa aliyeziacha mbali timu dhaifu hajatuambia mengi, na ligi peke yake haiwezi kutuambia ligi yenyewe ina uzito gani. Hapo ndipo michezo ya kimataifa hurudi, si kwa hatua iliyofikiwa, bali kwa nguvu ya waliokutana nao na mahali walipokutana. Katika makundi ya Klabu Bingwa msimu wa 2018/2019, Simba ilishinda michezo yake yote mitatu ya nyumbani, ikiwamo 1-0 dhidi ya Al Ahly, ikafungwa yote mitatu ya ugenini, miwili kati ya hiyo kwa 5-0. Ilifunga mabao 6, ikafungwa 13, na ikaingia robo fainali. Mwenye kusema "robo fainali" amesema kweli, na mwenye kusema "mabao 13" naye amesema kweli.

Mnyororo wa Elo

Njia nzuri ya kuunganisha habari hizi zote ilibuniwa na Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette, Milwaukee, Marekani. Aliibuni kwa ajili ya mchezo wa sataranji, na Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo liliikubali mwaka 1970. FIFA nayo ilianza kutumia hesabu ya namna hiyo kupanga timu za taifa za wanaume mwaka 2018.

Kila timu hupewa namba. Zikikutana, tofauti ya namba zao hutabiri matokeo: mgao unaotarajiwa wa timu ya chini ni 1 kugawanywa kwa jumla ya 1 na 10 kwa kipeo cha tofauti iliyogawanywa kwa 400. Timu ya 1600 ikikutana na ya 1400, kipeo ni nusu, na 10 kwa kipeo cha nusu ni kipeuo cha pili cha 10, yaani 3.16. Timu ya chini hutarajiwa kupata 1 gawanya kwa 4.16, sawa na 0.24, ya juu hupata 0.76. Baada ya mchezo, timu huongezewa au hupunguziwa kwa kadiri ilivyozidi au ilivyopungukiwa na matarajio. Tukitumia kizidisho cha 20, timu ya 1400 ikishinda hupata 15.2; ikitoka sare hupata 5.2, ikifungwa hupoteza 4.8. Anachopata mmoja ndicho anachopoteza mwingine.

Uzuri wake ni kwamba hesabu haijali kombe wala kura. Mikwaju ya penalti ya 1974 haimo ndani yake. Imo michezo miwili, mmoja wa kushinda na mmoja wa kufungwa. Tena inafunga mnyororo: Simba haikukutana na kila timu ya Afrika, lakini ilikutana na zilizokutana na nyingine. Udhaifu wake ni ule ule tuliouona tangu mwanzo. Kwa kuwa pointi huhama tu kutoka timu hadi timu, namba 1700 ya mwaka 1974 na namba 1700 ya mwaka 2023 husema kwamba timu hizo mbili zilisimama juu ya wenzao kwa umbali ule ule. Hazisemi kwamba zingetoka sare.

Kwa hiyo, mzee na kijana? Kwa maoni yetu ushahidi wa Yanga ya 2023 ni mnene zaidi: ubingwa wa msimu wa 2022/2023 kwa pointi 78 katika michezo 30, mfululizo ule wa michezo 49 uliotangulia, na ushindi mjini Algiers. Ushahidi wa kimataifa wa Simba ya 1974 ni michezo michache. Hilo halimaanishi kwamba timu ya mzee ilikuwa ndogo. Lamaanisha kwamba ilipimwa kidogo. Ama hoja yake kuhusu wageni, hiyo ni hoja nyingine kabisa. Fiston Mayele alitoka Kongo, Djigui Diarra Mali na Stephane Aziz Ki Burkina Faso, na mabao yao ni halali ya Yanga. Anayetaka kupima kandanda ya Watanzania, na si ya klabu iliyoko Tanzania, aitazame timu ya taifa.

Jambo linalotia uchungu ni kwamba michezo mingi ya wilaya zetu haiwezi kuingizwa katika hesabu yoyote, kwa sababu haikuandikwa. Namungo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, ikamaliza msimu wake wa kwanza katika nafasi ya nne kati ya timu 20, na ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la ndani mwaka 2020, ambako ilifungwa na Simba 2-1 mjini Sumbawanga. Hayo yamo magazetini. Lakini timu za vijiji na kata za Ruangwa na Nachingwea, ambazo babu anazitaja kwa majina ya wachezaji wote kumi na mmoja, zimebaki kinywani mwake peke yake.

Shule ya sekondari yenye daftari moja yaweza kuanza muhula huu. Ziandikwe safu sita: tarehe, uwanja, timu mwenyeji, timu ngeni, mabao ya kila moja, na namba za Elo kabla na baada ya mchezo. Kila timu ianze na 1500. Mwalimu wa hisabati asimamie kizidisho, na sare zisisahauliwe, kwa kuwa ndizo zinazosahauliwa kwanza. Baada ya michezo kama 30 kwa kila timu, namba zitaanza kutulia, na hapo wanafunzi wanaweza kuliweka daftari mbele ya wazee siku ya mnada na kuwauliza ni timu ipi ya zamani wangependa iingizwe, na ni nani bado anayakumbuka matokeo yake.